Siku gari ilipokutelezea kwenye barafu: tupeane uzoefu

Mtoto wa Pangani: Wakuu salaam. Asubuhi natoka zamu ya usiku hapa Minneapolis, nimepita pikapu imelala mtaroni, waipa bado zinacheza peke yake. Nimekumbuka baridi yangu ya kwanza. Mlioko kwenye theluji, kwenu ilikuwaje?

Mama Shani: Umenitonesha kidonda. Mimi ni barabara kuu ya I-94, Desemba, saa kumi na moja alfajiri nawahi kazini, leseni ina miezi miwili. Theluji wameshakwangua, lami nyeusi inang'aa, nikadhani imelowa tu. Kufika darajani usukani ukawa mwepesi, kama nazungusha sahani mezani. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari ikaanza kwenda ubavu, polepole, kimya, hata tairi hazilii. Hotpoti ya maharage ikaruka kutoka kiti cha pembeni. Mara natazama nilikotoka, na mbele yangu taa za lori. Ngoja nilaze watoto, nakuja.

Kijiti: Dada usitufanyie hivyo!

Dereva wa Fuso: Nimepandisha Lushoto masika, tope mpaka kwenye ekseli. Hiyo barafu ni mazoea tu. Chukua foowili, yaishe.

Shangazi wa Umeå: Foowili itakusaidia kuondoka, kusimama ni habari nyingine. Tope lina cha kushika, kaka. Huku Sweden 1 Desemba mpaka 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu, matairi ya baridi ni sheria. Yale ya kawaida raba inakakamaa kama kandambili iliyosahaulika juani.

Dereva wa Fuso: Sawa mwalimu.

Kijiti: Breki ni kanyaga, achia, kanyaga, achia.

Mtoto wa Pangani: Hiyo ya gari za zamani. Yenye ABS (breki zinazojizuia zenyewe zisifunge tairi) kanyaga usiachie, ikitetemeka mguuni iache ifanye kazi yake. Na madarajani punguza mwendo mapema, huganda kwanza maana upepo unapita juu na chini.

Kijiti: Yangu ya 1991 haina ABS.

Mtoto wa Pangani: Basi kanyaga, achia. Au panda basi 😂

Babu Toronto: Wekeni mchanga wa choo cha paka kwenye buti, ukikwama mwaga chini ya tairi. Na theluji ikikufunika, chimbua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini upate joto. Ile gesi haina harufu, unasinzia tu na ndiyo safari.

Shangazi wa Umeå: Hilo kweli kabisa babu.

Kijiti: Jamani, LORI?

Mama Shani: Nimerudi. Mwenye lori hakugusa breki. Alitoa mguu kwenye mafuta, akapita pembeni yangu na honi ndeeefu, mimi nikaishia mtaroni. Polisi anafika, maharage yameshaganda kwenye kioo. Akamulika tochi, akauliza ni nini hicho. Nikamwambia chakula changu cha mchana.

Kijiti: Ya nazi?