Dodoso la Holland: herufi zikikaribiana ufuate ipi?

SWALI: Wakuu, mdogo wangu amemaliza kidato cha nne. Dodoso la Holland la maswali 60, linalopima kazi anazopenda mtu kwa herufi sita, limempa I 31, S 30, R 29. Nyingine zote chini ya 15. Kidato cha tano achukue PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia)?

JIBU 1: Kila herufi ina maswali 10 yenye pointi 0 hadi 4, yaani juu kabisa ni 40. Tofauti ya pointi moja haina maana, kwa hiyo soma zote tatu kwa pamoja. I ni uchunguzi, S kuhudumia watu, R kazi za mikono na vifaa. Kwenye pembesita ya Holland, mchoro unaopanga herufi sita kwenye pembe zake, R na S zinatazamana, yaani ndizo zinazofanana kidogo zaidi, hivyo kazi zinazozibeba zote mbili si nyingi: fiziotherapia, uuguzi, utabibu. Mhandisi wa mitambo atakosa watu, mshauri nasaha atakosa vifaa. Kama fizikia yake ni nzuri, PCB. CBG inamfungia mlango wa udaktari.

JIBU 2: Nakazia hapo kwenye fizikia. Dodoso linapima anachopenda, si anachoweza. Liweke kando ya matokeo ya NECTA.

JIBU 3: Je, alijibu akiwaza mshahara? Ndiyo kosa kubwa, na S hupanda kwa sababu "daktari" linasikika vizuri nyumbani. Arudie baada ya wiki mbili, akijiuliza tu: kazi hii ningependa kuifanya? Asiyoijua aweke alama ya katikati. Kisha ashinde siku tatu zahanati akitazama.