Naomba ushauri: muuzaji anataka picha ya kadi yangu ya benki
Wakuu, habari zenu. Nimeagiza vipuri vya gari kwenye duka moja la mtandaoni, malipo yakagoma. Sasa mhudumu wao anataka nimtumie WhatsApp picha ya kadi, mbele na nyuma, eti ataingiza mwenyewe. Ninavyojua, kanuni za PCI DSS (zile za usalama wa taarifa za kadi za malipo) zinamkataza muuzaji kutunza zile namba 3 za nyuma muamala ukishapitishwa, hata akizificha kwa msimbo. Sasa picha iliyobaki kwenye simu ya mtu je? Ila bei yao, jamani, ndiyo inayonitia tamaa. Nafikiria kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, niweke hela ya mzigo tu. Aliyewahi kuitumia anisaidie: mzigo ukighairiwa, hela inarudi wapi? Au niachane nao kabisa?