Supamaketi imefunguliwa karibu na duka langu hapa Voi, naombeni ushauri

Habari zenu ndugu. Nina duka la rejareja hapa Voi, huu mwaka wa 9. Tangu supamaketi kubwa ifunguliwe karibu na steji, mauzo yangu yameshuka karibu nusu. Unga wa kilo 2 wanauza bei ya chini kuliko ile ninayonunulia mimi kwa jumla. Sasa nishushe hadi wapi?

Kilichonibakia ni sukari ya robo, mafuta ya kupima ya shilingi 20, na daftari la madeni. Juzi jirani alipita na mifuko miwili ya hiyo supamaketi imejaa, akaniomba chumvi nimwandikie hadi mwisho wa mwezi. Nilimpa, lakini iliniuma sana. Mkopo ndio unaonishikia wateja, na ndio huo huo unaokula mtaji.

Supamaketi za Nakumatt na Tuskys zilikuwa kubwa na zikaanguka, ila mimi siwezi kungojea hayo, watoto wanadaiwa karo.

Nawaza tuungane wenye maduka 4 wa mtaa huu, tuchukue mzigo pamoja Mombasa. Aliyewahi kufanya hivyo anieleze: pesa alishika nani, na mwenzenu alipochelewa kutoa mchango wake mlifanyaje?