Riwaya za upelelezi kwa msomaji wa miaka 11

Mama Zuu:
Habari zenu, ndugu zangu. Binti yangu yuko darasa la sita, ana miaka 11, na anasoma Kiswahili na Kiingereza kwa wepesi unaowapita wengi waliomzidi umri. Hadithi za watoto za kusaka wezi zimemchosha, kwani humtambua mhalifu kabla ya kufika katikati ya kitabu. Nilijaribu kumtafutia riwaya ya watu wazima, lakini niliyoifungua ilikuwa na mambo ya chumbani na mateso ambayo nisingependa ayasome kwa sasa. Nimchagulie zipi?

Mwalimu wa Fasihi:
Mama Zuu, tenganisha kwanza riwaya za upelelezi na zile za ujasusi, ingawa madukani hupangwa pamoja. Willy Gamba wa Elvis Musiba, shujaa wa *Kufa na Kupona* (1974), ni jasusi. Mvuto wake uko katika mapambano, kasi na mahusiano na wanawake, kwa hiyo anaweza kusubiri miaka kadhaa.

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, watu wanatawaliwa na hofu ya mizimu, naye Bwana Msa, kiko mdomoni, anakataa kuridhika na hofu hiyo na kufuata ushahidi hatua kwa hatua. Mauaji yapo, lakini kinachomshika msomaji ni hoja, na Kiswahili chake cha Unguja kitampa binti yako kazi ambayo vitabu vya darasani havijampa. Kabla ya sura za mwisho, mwombe akutajie anayemshuku na sababu zake. Hapo ndipo utajua kama anasoma au anakimbiza kurasa.

Baba Nasra:
Kwa upande wa Kiingereza, naunga mkono hadithi fupi za Sherlock Holmes kuliko riwaya zake ndefu. “The Red-Headed League” ya 1891 haina mauaji hata kidogo, ilhali fumbo lake linawashinda watu wazima. *The Sign of Four*, kinyume chake, inafunguka kwa Holmes kujidunga kokeini, jambo ambalo mzazi angependa kulijua mapema. Ipo pia *Emil and the Detectives*, tafsiri ya kitabu cha Erich Kästner cha 1929, ambamo matundu ya pini kwenye noti ndiyo yanayomuumbua mwizi. Lugha yake ni nyepesi kwake, lakini ushahidi wake umejengwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Mkutubi:
Naomba kutofautiana kidogo na wanaopima kitabu kwa kuwapo au kutokuwapo kwa maiti. *And Then There Were None* ya Agatha Christie (1939) haina matusi wala mambo ya chumbani, na Kiingereza chake hakitamsumbua mtoto huyu; hata hivyo, watu kumi waliokwama kisiwani wanakufa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiandamwa na hatia yake, na hakuna mpelelezi wa kuwatuliza wasomaji. Uzito huo hauonekani kwenye ukurasa wa kwanza. Jiulize kama hadithi inarudisha utulivu mwishoni au inamwacha mtoto peke yake na hofu. Kwa kipimo hicho, Bwana Msa anafaa na Christie huyu asubiri.

Mama Zuu:
Ahsanteni sana. Nitaanza na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Je, akiipenda, nimpe tu zote zinazofuata?

Mwalimu wa Fasihi:
Mpe *Kisima cha Giningi* ya 1968. Kuanzia *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), ambayo jina lake limeshasema mengi, soma wewe kwanza, kisha amua.