Usianze kwa kubisha

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Fatma

ALHAMISI

Nassor: Assalaam alaykum nyote. Jumamosi inshallah naenda kuzunguka ziwa kwa baiskeli. Mama usishtuke, nimekwambia mapema.

Bi Zuhura: Waalaykum salaam. Ziwa gani tena? Si juzi ulisema goti lauma?

Nassor: Goti limepona. Ziwa liko huku Uholanzi, kaskazini ya Amsterdam, laitwa IJsselmeer. Nataka kupita juu ya ule ukuta wao mrefu, Afsluitdijk. Kilomita 32, umenyooka kama rula. Bahari mkono mmoja, ziwa mkono wa pili.

Swaleh: Na kuzunguka lote?

Nassor: Njia iliyowekwa alama, pamoja na vijiji vyake, yapita kilomita 400. Hiyo ni ya siku kadhaa. Mimi nataka kipande.

Swaleh: Wewe Mombasa kwenda Mtwapa tu ulirudi na matatu, baiskeli juu ya keria.

Nassor: Ile ilikuwa pancha!!

Swaleh: Pancha ya mapafu 😂

Shangazi Rukia: Bahari na ziwa vitatenganaje na ukuta? Maji si yatapita?

Nassor: Shangazi, zamani yote ilikuwa bahari, maji ya chumvi kabisa. 1932 wakaufunga ukuta, mito ikaendelea kuingia, chumvi ikaisha pole pole. Sasa ni maji matamu.

Shangazi Rukia: Subhanallah. Na wavuvi?

Nassor: Samaki wa maji ya chumvi wakapotea, heringi na wenziwe. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwasaidia wavuvi tangu 1925, kabla ya kufunga. Wengine wakaacha kazi, wengine wakahamia bahari kubwa.

Ami Shee: Msaada wa wavuvi. Hata sisi huku Lamu twaijua hadithi hiyo.

Ami Shee: (ujumbe wa sauti, 1:12)

Salma: Niko kazini siwezi kusikiliza, mtu aandike

Swaleh: Naandika. Ami asema: "Nassor, umeanza kwa kilomita. Kilomita hazina kazi. Nambie upepo watoka wapi. Ukuta umenyooka, hauna mti wala nyumba, utajificha wapi? Na huo ukuta waelekea wapi?" Halafu kakohoa. Halafu asema mwambieni Zuhura ile dawa ya kifua imefika.

Bi Zuhura: Alhamdulillah. Vijiko viwili, si kimoja.

Nassor: Ami, upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini-magharibi. Jumamosi utabiri ni huo huo, nguvu 5 kwa vipimo vyao, ile ya kuyumbisha miti midogo. Ukuta waelekea kaskazini-mashariki.

Ami Shee: Basi kwenda utakwenda. Upepo wa tezi, wa nyuma, utajiona dume. Kurudi je?

Nassor: …

Salma: Kanyamaza 😂😂

Ami Shee: Kilomita 32 za kubisha, kwenda kinyume cha upepo, na chombo hakina tanga. Huna duara jengine?

Nassor: Lipo dogo. Ziwa lilikatwa tena kwa ukuta wa pili, toka Enkhuizen mpaka Lelystad, karibu kilomita 27. Upande wa kusini ukawa ziwa lake, Markermeer. Kulizunguka hilo kutoka kwangu na kurudi ni kama kilomita 150.

Bi Zuhura: MIA NA HAMSINI?

Nassor: Mama, njia tambarare kabisa. Hakuna mlima hata mmoja.

Ami Shee: Mlima ni upepo. Nitumie ramani.

Nassor: (picha)

IJUMAA

Ami Shee: (picha)

Salma: Jamani Ami kaichapisha ramani dukani kaitia mishale ya penseli 😭 mpaka joshi na demani, upande wa upepo na upande wa pili, kaandika

Nassor: Ami, huu mshale umeugeuza. Watu wengi wa klabu yetu huanza Edam, Hoorn, Enkhuizen, halafu ukuta, halafu Lelystad, Almere, nyumbani. Vijiji vizuri vyatangulia.

Ami Shee: (ujumbe wa sauti, 2:40)

Swaleh: Haya, Ami asema hivi. "Duara lolote utabisha pahali, hakuna upepo wa kukusukuma mzunguko mzima. Kazi yako ni kuchagua pahali pa kubishia. Ukifuata klabu, asubuhi utapelekwa na upepo, mchana utafika Lelystad umechoka, na kutoka hapo mpaka Almere ni tuta tupu, upepo wa omo, wa usoni, jua kichwani. Utalia. Geuza. Almere kwanza, Lelystad, upepo uko tezi na wewe una nguvu. Juu ya ukuta utakupiga mbavu ya kushoto, tena kidogo kwa nyuma, huo wavumilika. Ukifika Enkhuizen ndipo ubishe, lakini pale pana nyumba, pana miti, pana tuta la kujibanza chini yake." Halafu auliza: "Huko Enkhuizen pana stesheni ya treni?"

Nassor: Ipo. Na Hoorn ipo.

Swaleh: "Basi umepata na bandari za kukimbilia. Upande wa Almere mpaka Lelystad ukichoka katikati utakimbilia wapi?"

Nassor: Wallahi sikuifikiria hivyo.

Salma: Na Ami hajawahi hata kupanda baiskeli

Ami Shee: Nilipanda 1971. Sikuipenda.

Bi Zuhura: Kofia ya chuma umevaa?

Nassor: Mama, ya plastiki. Wenyeji wengi wa huku hawavai, lakini wa baiskeli za mbio huvaa. Navaa.

Shangazi Rukia: Na ukianguka majini?

Nassor: Ziwa si refu kwenda chini, mahali pengi halifiki hata mita 5.

Shangazi Rukia: Wewe una mita ngapi?

Swaleh: 😂😂😂 Shangazi!

Swaleh: Swali la fiqhi. Safari ya kilomita 150 lakini arudi palepale mlangoni. Apunguza swala au hapunguzi?

Shangazi Rukia: Muulize maalim, usimuulize Swaleh.

JUMAMOSI

Nassor: Saa 12 na nusu asubuhi, nimetoka. Namba za njia nimezibandika kwenye usukani. Huku kila makutano ya njia za baiskeli yana namba yake, kibao cheupe na namba ya kijani, unafuata tu kama mtoto anayeunganisha nukta.

Bi Zuhura: Bismillah. Umekula?

Nassor: Mkate, siagi ya njugu, ndizi mbili. Na kaimati za jana mfukoni.

Nassor: Nimevuka daraja la kuingia Almere. Sasa niko juu ya tuta kuelekea Lelystad. Ami, nakwenda kilomita 36 kwa saa na wala sikazi.

Ami Shee: Usijisifu. Huyo ni upepo.

Nassor: (picha)

Nassor: Angalieni vizuri hiyo picha. Kushoto ni ziwa, kulia ni shamba. Maji ya kushoto yako juu kuliko ardhi ya kulia. Yaani ng'ombe wale wamesimama chini ya usawa wa ziwa.

Shangazi Rukia: Hapana, sipendi.

Salma: Hiyo ardhi ilikuwa chini ya bahari?

Nassor: Yote. Waliizungushia tuta wakaipampu maji. Mji wa Lelystad wameupa jina la mhandisi aliyechora mpango mzima, Cornelis Lely. Alikufa 1929, hakuuona ukuta ukifungwa.

Swaleh: Picha zimekatika, upo?

Nassor: Nipo. Nilisimama. Nimemeza wadudu.

Salma: Wadudu gani?

Nassor: Vidogo kama mbu lakini haviumi. Mawingu mazima juu ya ukuta wa Enkhuizen, kama moshi. Wameganda kwenye miwani, kwenye jasho la mikono, mmoja bado yuko kooni. Naendesha mdomo nimefumba, napumua kwa pua kama farasi.

Salma: Hao ni sami! Huku Kisumu wakitoka ziwani unafikiri mvua yaja. Kuna watu ng'ambo ya Uganda wanawakanda mikate wanawala.

Nassor: Mimi nimeanza bila kukanda.

Bi Zuhura: Kunywa maji mwanangu.

Ami Shee: Upepo wa ukutani?

Nassor: Mbavu ya kushoto, kidogo nyuma. Kama ulivyosema. Ila lori likipita lakata upepo, halafu upepo warudi ghafla, baiskeli yaruka kando nusu mita. Hiyo hukuniambia.

Ami Shee: Malori sikuyatia kwenye ramani. Shika usukani chini, magoti yabane chuma.

Nassor: Enkhuizen, nimefika. Kilomita 86. Nimekaa bandarini nakula kaimati zilizopondeka, zimekuwa kaimati moja.

Bi Zuhura: Alhamdulillah ❤️

Swaleh: Sasa ndiyo kubisha

Nassor: Nimeshaanza. Subhanallah. Kilomita 17 kwa saa, miguu yawaka. Napita chini ya tuta, kwenye nyumba, kama Ami alivyosema. Nikipanda juu tu nasimama kama nimegonga ukuta. Juu pia pana kondoo na mavi yao, tairi zote ni kijani.

Ami Shee: Usipande juu kutazama maji. Maji umeshayaona.

Nassor: Ami, ni mazuri lakini

Ami Shee: Chini.

Nassor: Hoorn. Kilomita 110 hivi. Nimebakiwa na 40 za upepo wa usoni mpaka nyumbani. Stesheni iko mita mia mbili kutoka hapa nilipokaa.

Salma: Kaka kuwa mwanamume

Swaleh: Mtwapa ya pili 😂😂

Bi Zuhura: Panda treni. Usiwasikize.

Nassor: Wikendi wanaruhusu baiskeli saa zote, unakata tiketi yake tu. Siku za kazi asubuhi na jioni ingekataliwa.

Swaleh: Kwa hiyo umeshauliza bei 😂

Nassor: Ami wasemaje?

Nassor: Ami?

Shangazi Rukia: Yuko msikitini.

Nassor: (picha)

Salma: Hiyo ni behewa!!!

Ami Shee: Nimerudi. Umeingia bandarini, vizuri. Mara ngapi sisi tulilala Kipini tukingoja upepo ugeuke na hakuna aliyetucheka.

Swaleh: Mimi nacheka

Ami Shee: Wewe Swaleh ile baiskeli yako iko wapi?

Swaleh: Imekaa tu Ami, haina breki

Ami Shee: Itie breki. Idd waja Lamu, nina penseli.

Bi Zuhura: Nassor ukifika osha ile nguo leo leo, wadudu watanuka.