Nimepanda Premier League na Portsmouth ila mishahara inaniua, naombeni ushauri wakuu

Kocha wa Sebuleni:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwenye Football Manager, lile gemu la kuwa kocha wa timu, maana leo hata ugali haupiti. Nilianza na Portsmouth wakiwa Championship, daraja la pili Uingereza, msimu wa pili nikapanda kwa mtoano, kelele nilizopiga mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa imefika Julai nafungua ukurasa wa fedha nakuta bajeti ya mishahara ni pauni 750,000 kwa wiki halafu mimi nalipa 840,000, na hapo sijasajili hata mtu mmoja!! Nilichofanya ni kumwongezea straika wangu mkataba tu, kutoka elfu 18 hadi elfu 55 kwa wiki, wakala wake alikuwa ananitishia nyau. Hizo nyingine zimetoka wapi? Bodi wameshaanza kununa. Pesa ya usajili ninayo milioni 22. Nifute gemu nianze upya au kuna njia?

Mzee wa Benchi:
Hongera kwanza kwa kupanda. Usifute kitu. Fungua mkataba wa mchezaji mmoja mmoja, achana na mshahara ulioandikwa juu, shuka chini kwenye vipengele. Mkiwa Championship ulikuwa unakubali kila anachotaka wakala ili mambo yaishe, si ndio? Kuna nyongeza ya kupanda daraja, hiyo kila mtu anaijua, halafu kuna kile cha kulipwa sawa na anayelipwa kuliko wote. Hicho ni mchwa mkuu, ukimpandishia mmoja wanapanda wote na wewe husikii hata mlio.

Kocha wa Sebuleni:
Ngoja nicheki

Kocha wa Sebuleni:
Aisee. AISEE. Watatu wanacho. Na mmoja wao ni kipa wa akiba ana miaka 34, elfu 55 kwa wiki na msimu mzima uliopita kadaka mechi mbili 😭

mtoto_wa_kona:
Hahahaha elfu 55 mara wiki 52 ni milioni 2.86 kwa mwaka, mtu anakaa benchi anakula karanga. Huyo babu ana wakala mzuri, mpe namba yangu

Straika Mstaafu:
Mnamtisha bure kijana. Hapo kwenye bajeti si kuna kile kitufe cha kuvuta kuhamisha pesa, toa milioni 5 za usajili peleka kwenye mishahara, gawa kwa wiki 52 unapata kama elfu 96, pengo lake la elfu 90 limezibika na chenji inabaki. Kazi imeisha.

Mzee wa Benchi:
Imeisha kwa mwaka mmoja, mwakani je? Mikataba bado ipo palepale, na akishuka daraja ndio atajua hajui. Sunderland ya kweli ilishuka 2017 ikashuka tena 2018, jiulize mtu aliyesaini mshahara wa Premier League anakuwaje timu ikiwa daraja la tatu.

Straika Mstaafu:
Akishuka si anapewa ile pesa ya parachuti, ya kuzisaidia timu zinazoshuka Premier League

Mzee wa Benchi:
Anapewa, ila ukipanda ukashuka msimu huohuo unapewa miaka miwili sio mitatu. Kocha nisikilize mimi: waite hao watatu mezani, toa hicho kipengele kabisa halafu funga kufuli wakala asikirudishe, ukitaka walainike wape mwaka wa ziada na posho ya kila mechi wanayocheza, mtu asipocheza hulipi. Na kila mkataba kuanzia leo weka mshahara upungue mkishuka, wengi hawabishi sana maana wakati wa kusaini hakuna anayeamini atashuka. Kipa mtafutie mkopo.

Kocha wa Sebuleni:
Sawa mzee. Na straika nimemwekea kwenye mkataba bei ya kuuzwa milioni 30, hapo nipo salama?

mtoto_wa_kona:
Salama wapi, akifunga goli 10 tu kufika Januari mtu anaweka hiyo 30 mezani na huna hata nafasi ya kukataa. Bora nyie kwenye gemu bei imeandikwa, sisi huku Bongo kiungo Fei Toto alitaka kuvunja mkataba na Yanga ikafika mpaka shirikisho la soka, TFF, tumebishana vijiweni nusu mwaka ndio 2023 akaenda Azam

Bi Mkubwa FM:
Tena ongea na straika kuhusu hiyo bei sasa hivi kabla ligi haijaanza. Mimi nilisubiri Desemba wakala akataka elfu 90, nikafunga laptop nikaenda kulala.

Kocha wa Sebuleni:
Mrejesho wakuu. Kipa kaenda kwa mkopo, wanamlipa nusu. Wengine wawili wamekubali kushuka mpaka elfu 24 na kipengele kimetoka, ila mmoja kanuna na marafiki zake watano wamekuja ofisini kumtetea. Straika hataki hata kusikia habari ya kubadili ile bei. Jumla sasa nalipa 750,500, nimezidi kwa pauni 500. Mechi ya kwanza ni Anfield, kwa Liverpool. Kuna mtu ana fomesheni ya mabeki sita?