Tumepigwa mchana kweupe: maonyesho ya "hazina za Tutankhamun" yasiyo na hata kitu kimoja cha Tutankhamun

Wakuu, habari za jioni.

Uzi utakuwa mrefu kidogo, mnivumilie. Nina hasira, na sitaki mwingine apigwe kama tulivyopigwa sisi. Naishi huku Ulaya. Mji siutaji na kampuni siitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwao, ila haya maonyesho yanahama mji hadi mji na wengi wenu mlioko huku mtakutana nayo.

Bango lao limebandikwa kila kituo cha treni. Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun, yule Farao wa Misri ya kale, kimejaa bango zima, macho yamekukazia, chini maandishi makubwa yanasema hazina za kaburi la mfalme zimefika mjini. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni nakala. Kwenye ukurasa wa kununulia tiketi nako hakuna. Limefichwa ndani ya masharti, yale unayowekewa tiki ili malipo yapite, aya ya chini kabisa: vitu vyote vinavyoonyeshwa ni vya kutengenezwa. Vyote! Tiketi ya familia ni euro 80 na ushee, kuacha koti unalipia, miwani ya uhalisia pepe unalipia tena ukiwa ndani.

Kuna atakayekuja kuniuliza, kwani wewe hujui kinyago kile hakitoki Misri? Mkuu, wangapi wanajua? Kinyago hicho kilishasafiri. Kilikwenda London mwaka 1972 na watu zaidi ya milioni 1.6 wakapanga foleni kukiona. Kikazunguka Marekani kuanzia 1976 hadi 1979, kisha Ujerumani. Tangu ziara ile ya Ujerumani ilipoisha mwaka 1981 hakijavuka mpaka tena, lakini vitu vingine vya kaburi lile vimeendelea kusafiri. Mwaka 2019 tu hapo Paris vilionyeshwa vitu halisi 150, wakaingia watu zaidi ya milioni 1.4. Kwa hiyo mtu aliyesikia habari za Paris akiona bango kama hili ana kila sababu ya kuamini. Hawa jamaa wanakula kupitia imani hiyo hiyo.

Na ujanja wa mabango haukuanza leo. Hata ile ziara ya vitu halisi iliyopita Marekani kuanzia 2005, sura iliyotumika sana kwenye matangazo ilikuwa ya kijeneza kidogo cha kuhifadhia viungo vya ndani vya mfalme, chenye urefu wa sentimita 39 hivi. Ukikipiga picha kwa karibu, uso unafanana na kinyago. Watu wakaenda kutafuta kinyago wasikikute. Lakini angalau wale walikikuta kijeneza chenyewe, dhahabu ya kweli iliyotoka kaburini. Sisi tumekuta nini?

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Kinyago chao kiko kwenye chumba chenye giza, taa moja inakimulika kutoka juu, muziki mzito. Ukiwa mlangoni kinapendeza kweli. Ukisogea unaona mshono wa kalibu unapita nyuma ya sikio la kushoto mpaka begani. Chini ya kidevu, pale ndevu zinapoungana na uso, rangi ya dhahabu imebanduka na ndani kuna plasta nyeupe. Michirizi ya buluu ya kilemba imepakwa kwa brashi na rangi imevuka mstari. Kile halisi, michirizi ile ni vioo vya buluu vilivyopachikwa, wanja wa macho ni lapis lazuli, lile jiwe lililosafirishwa kutoka Afghanistan, na kina zaidi ya kilo 10 za dhahabu. Nyuma kimechongwa maandishi ya kumlinda marehemu, kiungo kwa kiungo. Nyuma ya chao hupaoni, kimesogezwa karibu na ukuta.

Binti yangu anasoma habari za Misri usiku na mchana. Akaninong'oneza, "Baba, hii ndiyo yenyewe?" Nikamuuliza kijana wa zamu. Akajibu kwamba ni kazi ya sanaa ya kiwango cha juu. Nikamwambia sijauliza kiwango, nauliza kama imetoka kaburini. Akanielekeza mapokezi. Mapokezi wakanijibu, kila kitu kimeelezwa kwenye masharti.

Ndani mle hakuna kibao hata kimoja kinachosema nakala. Na hivyo vibao vyenyewe ni aibu. Kuna jambia la chuma, yaani mfano wake, kibao kinasema "jambia la mfalme" basi. Jambia lile ni miongoni mwa vitu vya ajabu kuliko vyote mle kaburini! Mwaka 2016 watafiti walithibitisha kwamba chuma chake kimetokana na kimondo, yaani kilianguka kutoka angani, na mafundi wa kale wakakifua kuwa silaha miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Mtoto akisikia hivyo hasahau maisha yake yote. Hawakuandika.

Walichokiona cha maana ni chumba kizima cha "laana ya Farao", moshi wa mashine na sauti za vilio. Lord Carnarvon, aliyegharamia uchimbaji, alifariki Aprili 1923 baada ya jeraha la kung'atwa na mbu kuingia sumu. Howard Carter, aliyelifungua kaburi na kushinda mle ndani kwa miaka kumi akitoa kitu kimoja kimoja, aliishi hadi 1939. Hilo la pili kwenye ukuta wao halipo. Kwa nini muwatishe watoto wa watu kwa nusu ya habari?

Sasa msinielewe vibaya. Sina ugomvi na nakala. Kule Luxor, jirani na nyumba aliyokuwa akiishi Carter, kuna nakala ya chumba cha kaburi lenyewe, ilifunguliwa 2014, imetengenezwa na kampuni ya Factum Arte baada ya kuzipima kuta za kaburi kwa leza. Unaambiwa wazi kwamba ni nakala na unaambiwa sababu: pumzi, jasho na vumbi la wageni vinaumiza michoro ya kaburi halisi, na mfalme mwenyewe bado amelala mle, kwenye sanduku la kioo tangu 2007. Hiyo ni heshima. Hata kwa hawa niliowalipa, chumba cha kwanza cha kaburi wamekipanga vizuri, vitanda vitatu vyenye vichwa vya wanyama, magari ya farasi yaliyofunguliwa vipande vipande na kurundikwa pembeni, vile Carter alivyovikuta Novemba 1922. Waliofanya kazi ile nawapongeza. Ndiyo maana nauliza, kama mna kitu kizuri, mnaficha nini? Mama anayeuza vitenge Kariakoo anakuwekea cha China huku na cha Uholanzi huku, na kila kimoja anakutajia bei yake.

Tuje kwenye "ziara ya mtandaoni", hapa ndipo nilipochoka kabisa. Wanauza tiketi ya wasioweza kufika. Nilimnunulia dada yangu aliyeko Mwanza, naye akaweka bando kabisa, akawakusanya wanafunzi wake mbele ya laptopu. Alichopata ni video. Kamera inapita kwenye kumbi zile zile za nakala, huwezi kugeuka, huwezi kusogelea kitu, ikiisha imeisha. Hiyo ni ziara? Miwani nayo, ile ya kulipia pale ukumbini, lenzi ilikuwa na mafuta ya uso wa aliyetangulia na picha ilikwama kila nilipogeuza shingo.

Wakati huo huo vya bure vipo, na ni vya kweli. Aprili 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani kwa korona, Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ya Misri iliweka mtandaoni ziara za makaburi kadhaa. Anza na la Malkia Meresankh wa Tatu pale mjini Giza, karibu na Cairo. Unaingia mwenyewe, unageuka utakako, unashuka chini, unasimama mbele ya sanamu kumi za wanawake zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Kwa Tutankhamun, nendeni kwenye kumbukumbu za Griffith Institute ya Oxford. Wameweka kadi alizoandika Carter kwa mkono wake na picha alizopiga Harry Burton wakati vitu vikiwa bado kaburini. Kila kitu kina namba ya Carter. Kinyago ni 256a, jambia la kimondo ni 256k. Andika namba, kitu kinakuja. Senti tano huombwi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ziara zote hizo nilizozitaja zimepita London, Paris, Marekani, Ujerumani. Dar sikuziona, Nairobi sikuziona, Kampala sikuziona, na Misri ni Afrika. Sasa vitu zaidi ya 5,000 vya kaburi lile vimekusanywa Giza kwenye Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililozinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025, na ni jambo la kujivunia, lakini nauli ya Cairo si ya kila mtu. Wanafunzi wa dada yangu wengi wao watakachopata ni skrini na nakala. Ndiyo njia yao. Mtu anayeichafua njia hiyo kwa ulaghai anawaibia wale wenye njia moja tu, na akishawaibia hawatarudi hata utakapowaonyesha kitu cha maana.

Ninachotaka kwao ni wazi. Waandike neno "nakala" kwenye bango, kwa herufi zinazosomeka, na kwenye kila kibao mle ndani. Wataje nani amezitengeneza. Wamrudishie dada yangu hela yake, maana aliyoiuziwa siyo ziara. Yangu tutaelewana.

Nimewaandikia wao na nimewaandikia watetezi wa walaji wa hapa mjini. Majibu yakija nitayaweka humu humu, yawe mazuri au mabaya. Kama nawe umepita kwenye maonyesho ya namna hii, Ulaya, Dubai au kokote, tupia picha ya bango na ya tiketi tuone waliandika nini. Na aliyewahi kurudishiwa pesa kupitia benki baada ya kulipa kwa kadi, naomba anieleze alivyofanya.

Nawasilisha.